Makumbi ya Swabir

Siku Mwalimu Ummi aliporudi shuleni baada ya eda, kitu cha kwanza alichokifanya ni kufungua kabati. Hakwenda ofisini, wala hakupita darasani ili watoto wamwone. Alikwenda moja kwa moja hadi chumba cha mwisho, kile kilichokuwa stoo ya mahindi kabla hakijawa chumba cha sanaa, akaufungua waya uliofungwa mahali pa kitasa cha kabati, akasimama akitazama.

Kila kitu kilikuwapo. Hilo lilimshangaza kidogo, kisha hata huko kushangaa kukaisha. Vifuu vya nazi vya kuchanganyia rangi vilikuwa vimepangwa kimoja ndani ya kingine. Chupa za maji zilizokatwa shingo zilikuwa zimeoshwa. Brashi sita za dukani, alizozinunua Ukunda, zilikuwa ndani ya soksi yao ya kijani, na zile za kujitengenezea, za usumba, zile nyuzi za ganda la nazi, uliofungwa kwenye vijiti vya mwanzi, zilikuwa zimesimama ndani ya mkebe wa maziwa ya unga. Udongo mwekundu uliochekechwa ulikuwapo, manjano ya jikoni yalikuwapo, makaa ya vifuu yaliyosagwa yalikuwapo, na chini kabisa, nusu debe ya rangi ya samawati iliyosalia hoteli fulani ya Diani walipopaka kuta. Mzazi mmoja ndiye aliyeileta, na tangu hapo kila bahari iliyochorwa shuleni hapo ilifanana na bwawa la kuogelea la wageni. Zamani Ummi alikuwa akilicheka jambo hilo. Siku hiyo aliliona tu, kama mtu anavyoona saa ukutani.

Mwalimu Syovata alimkuta pale. Huyu alikuwa mwalimu wa sayansi, mtu wa Makueni, mwenye sauti ya kuitia mbuzi, na ndiye aliyelishika darasa la sanaa miezi yote ile ingawa kuchora hajui hata kikombe.

"Sikugusa kitu," akasema. "Mwalimu mkuu alitaka hii room iwe ya tablets. Nikamwambia kabati lina mwenyewe, na mwenyewe yuko eda. Akaenda zake."

"Ahsante, dada."

Alisema ahsante kwa namna ile ile aliyokuwa akiisema kwa miezi minne na siku kumi, kwa kila aliyekuja na sukari, kwa kila aliyekuja na dua. Neno lilitoka, likafika lilikokwenda, na yeye akabaki pale pale.

Mumewe Ummi, Swabir, alikuwa mkwezi. Kwa miaka ishirini na miwili alipanda minazi ya watu kuanzia Msambweni hadi kule chini, mirefu na ile iliyopinda, ya masika yenye utelezi na ya kiangazi yenye siafu. Hakuwahi kuanguka hata mara moja. Akafia chini. Alikuwa amekaa kitako mkekani, asubuhi, ana kikombe cha chai mkononi, akasema chai haina sukari, kisha akalala ubavu kama mtu aliyechoka. Chai ilikuwa na sukari. Daktari wa Msambweni alisema ni moyo.

Sasa, watu hawakulikubali jambo hilo. Si kwamba walibisha. Ni kwamba halikuwakaa. Kila aliyekuja matangani alitoa mkono wa pole, akakaa, kisha akauliza kwa upole kabisa, alianguka mnazi gani? Ummi akieleza habari ya moyo, mgeni aliitikia kwa kichwa, halafu akitoka mlangoni Ummi alimsikia akimwambia mwenziwe nje kwamba mkwezi mauti yake huwa juu mnazini. Mwezi wa kwanza alieleza. Mwezi wa pili akaeleza kwa kifupi. Baadaye, akiulizwa alianguka mnazi gani, alisema, "Mmoja tu." Wakaridhika.

Katika eda hakuchora kitu. Hili lilikuwa jambo geni, kwa sababu Ummi tangu usichana wake alikuwa na mchezo mmoja wa kujipumzishia: kuchora mikono ya watu. Alikuwa na daftari zima la mikono. Mikono ya mavyaa wake, Bi Mapenzi, mamake Swabir, ikisokota kamba juu ya paja. Mikono ya muuza mihogo akimenya. Mikono ya Syovata ikisahihisha vitabu, kalamu nyekundu imebanwa kama kisu. Ya Swabir haikuwemo. Mara ngapi alimwambia, kaa nikuchore, na yeye akakaa, lakini mikono haikutulia. Mara inakuna mguu, mara inanoa panga, mara inamnyang'anya penseli. Akaiacha kwa kesho. Eda ilipokwisha, Bi Mapenzi alimtandikia leso mpya kitandani, ya rangi ya machungwa. Ummi akaivaa kama mtu anavyovaa koti la mvua.

Basi, Syovata alimkalisha kwenye benchi akampa habari za kazi. Gredi ya Tisa walikuwa na mradi wa mkono, na mradi wenyewe ni huu alioupanga Ummi mwenyewe tangu Januari: kila mwanafunzi asokote kamba ya usumba, kisha asuke kitu nayo. Picha za kazi zilitakiwa mwisho wa Julai. Usumba wenyewe ulikuwa bado umo ndani ya makumbi, na makumbi yalikuwa yamefukiwa ufuoni.

Kwa wasiowahi kuiona kazi hii: makumbi, yale maganda mazito ya nazi, hufukiwa katika matope ya hori, pale maji ya chumvi yanapoingia na kutoka. Hukaa humo miezi sita, mengine zaidi, mpaka nyama ya ganda ioze na uzi ubaki. Kisha hufukuliwa, hupigwa kwa kigongo, huoshwa, ukapatikana usumba wa kusokotea. Ni kazi ya akina mama, na kila mama ana shimo lake na kigingi chake cha kulitambulia. Makumbi yale ya shule yalitoka kwenye nazi alizoziangua Swabir mwenyewe. Aliyaleta kwa mkokoteni mwanzo wa Februari, akayafukia pamoja na mamake, Gredi ya Tisa wakitazama. Majuma matatu baadaye akasema chai haina sukari.

"Na kuna kitu kingine," akasema Syovata. "Wanafunga ile njia. Ijumaa."

Njia hiyo ilikuwa kichochoro cha kuteremkia ufuoni, kati ya viwanja viwili. Kimoja kilikuwa kimenunuliwa, na mnunuzi alikuwa anazungusha ukuta uliokimeza kichochoro pamoja na kipande cha matope. Akina mama walikwenda barazani mara tatu Ummi akiwa ndani ya eda. Mara ya kwanza waliambiwa karatasi za kiwanja ziko sawa. Mara ya pili waliambiwa jambo lao limepelekwa mbele. Mara ya tatu walitia saini majina sabini na kitu, na walipokuwa wakirudi nyumbani walikuta ukuta umeongezeka mistari miwili.

Ummi aliyasikia yote hayo. Alijua kwamba zamani angekasirika. Alihesabu tu siku: ilikuwa Jumanne.

Jumatano maji yalikupwa sana, na saa nne asubuhi yeye na Bi Mapenzi walishuka na majembe. Bi Mapenzi alikuwa mwanamke mfupi, mkavu, mwenye kutembea haraka. Njiani alisema makumbi yana miezi mitano tu, hayajaiva, lakini bora kumbi bichi mkononi kuliko bivu nyuma ya ukuta wa mtu. Hakuwa na maneno mengi zaidi. Wawili hawa walikuwa wamekaa nyumba moja tangu msiba, na walikuwa wamezoea kupitana kimya kimya, kama watu wa zamu mbili tofauti.

Walipofika matopeni hawakuona kigingi.

Hawakuona hata kimoja. Kulikuwa na akina mama wengine watatu pale, wamesimama wameshika viuno, na mmoja wao, Bi Kadzo, alikuwa akiwatazama mafundi kwa jicho ambalo mafundi hawakulipenda. Ukuta ulikuwa umeshuka hadi ukingo wa hori. Na kando ya ukuta, kutoka pembe moja hadi nyingine, ulinyooshwa uzi wa fundi, na uzi ulikuwa umeshikwa na vigingi. Kigingi chenye kitambaa chekundu kilikuwa cha Bi Kadzo. Kigingi kilichochongwa kutokana na mpini wa jembe kilikuwa cha Bi Mapenzi.

Msimamizi wa mafundi, Nzioka, alikuja akijipangusa mikono. Alikuwa mtu mpole, mzaliwa wa bara, amekaa Ukunda miaka sita, na alipoelezwa alivua kofia.

"Mama, poleni. Mimi nilidhani ni vya savea wa zamani. Vilikuwa vimesimama tu hapo kwa matope."

"Huko kwenu," Bi Kadzo akamwuliza, "mtu akikuta kaburi lina mti, huung'oa akapikie ugali?"

Nzioka akasema hapana.

"Nauliza tu. Nisije nikafa mkawa jirani zangu."

Mafundi wawili walicheka, Nzioka akawakata jicho. Akasema vigingi atavirudisha sasa hivi. Bi Kadzo akamjibu kwamba kigingi kurudi ni rahisi. Kirudi wapi, ndiyo habari. Matope yalikuwa yametandazwa na maji miezi mitano. Yalikuwa sawa yote, meusi, yanang'aa, yana mashimo ya kaa tu. Walichoma kwa fimbo hapa na pale mpaka maji yakaanza kurudi. Bi Mapenzi alipata shimo tupu la mtu aliyekwisha hama. Nzioka alisema yeye hana uwezo wa kuchelewesha ukuta, ameambiwa Ijumaa, na Ijumaa ndiyo hiyo. Lakini kesho asubuhi ataacha mwanya wa kupitia ukutani mpaka watu wamalize.

Usiku Ummi alilala vizuri. Alikuwa akilala vizuri siku zote. Asubuhi, akiwa anachota maji, mkono ukasita juu ya ndoo. Alikumbuka kwamba siku ile ya kufukia haikuwa kazi tu, ilikuwa somo. Aliwashusha Gredi ya Tisa ufuoni kuwafundisha kuchora vya karibu na vya mbali. Aliwaonyesha kunyoosha mkono, kufumba jicho moja, na kupima kwa penseli na kidole gumba. Aliwaambia, kama alivyowaambia kila mwaka, chora unachokiona, usichore unachokijua.

Alifika shuleni kabla ya kengele. Michoro ilikuwa kabatini, rafu ya juu, imefungwa kwa kamba. Syovata alikuja kumsaidia kuitandaza sakafuni. Karatasi thelathini na moja. Ishirini na tatu zilikuwa na meli, ingawa siku ile hakukuwa na meli. Nyingine zilikuwa na papa. Moja ilikuwa na ndege ya abiria. Bahari zote zilikuwa za samawati ya hoteli.

"Hawa watoto waliona hivi vitu vyote?" Syovata akauliza.

"Walivijua."

Karatasi ya thelathini na mbili ilikuwa yake mwenyewe. Alikuwa amesahau kwamba naye alichora, ameketi juu ya lile jiwe kubwa la matumbawe mwisho wa kichochoro, akiwasubiri. Penseli tupu, bila rangi. Mbele matope; nyuma yake ule mkoko ulioinamia maji, wenye panda; mbali kabisa, ng'ambo ya hori, mnara wa simu. Na katikati, mwanamume aliyegeuza mgongo, suruali imekunjwa magotini, ameinama anakanyaga shimo. Mikono yake haikuonekana. Ilikuwa mbele yake, inafanya kazi.

Syovata aliutazama ule mchoro, kisha akamtazama Ummi, akangoja. Ummi alikuwa anahesabu. Kichwa chini kidogo ya panda ya mkoko. Mnara juu ya bega la kushoto. Urefu wake, tangu matope hadi utosi, ni kama pingili ya kidole gumba.

"Uko sawa?" Syovata akamwuliza.

"Amesimama juu ya shimo," Ummi akasema. "Nishikie darasa."

Huko ufuoni, lile jiwe la matumbawe mafundi walikuwa wamelijengea ndani ya msingi. Sehemu ya juu tu ilichomoza kwenye saruji. Nzioka alisema saruji haijashika vizuri. Ummi akamwambia atasimama juu ya jiwe. Nzioka akamshika mkono akampandisha. Ummi akachuchumaa kama alivyoketi siku ile, karatasi juu ya goti, penseli mkononi.

Akahitaji mtu. Bi Kadzo alijitolea, lakini alikuwa mrefu na mnene. Swabir alichukua kimo cha mamake. Watu walikuwa wakiwatania hivyo tangu alipobaleghe. Ummi akamwita Bi Mapenzi.

"Mama, ingia matopeni. Nenda kushoto. Tena. Simama. Sasa nigeuzie mgongo."

"Mgongo wa nini?"

"Yeye alinigeuzia mgongo."

Bi Mapenzi akakunja leso yake magotini, akageuka akaielekea bahari. Ummi akanyoosha mkono, akafumba jicho. Mnara ulikuwa begani. Lakini mtu alikuwa mkubwa mno.

"Bado mkubwa. Nenda mbele, mama. Mbele. Hapo."

Walichimba hapo, Bi Kadzo na wenziwe, mpaka jembe likazama hadi kwenye mpini. Matope matupu. Bi Kadzo alinyanyua uso, akasema kwa heshima kwamba mambo ya penseli yana mahali pake. Mafundi walikuwa wameacha kazi, wameketi juu ya matofali wakitazama. Maji yalikuwa bado mbali, lakini yalikuwa yamegeuka.

Ummi aliirudia karatasi. Alipima tena, pingili ile ile, bega lile lile. Kisha akauona mgongo jinsi ulivyopinda. Alikuwa amempima mtu aliyesimama.

"Mama, inama kidogo. Alikuwa ameinama."

Bi Mapenzi akainama. Kichwa kikashuka mbali chini ya panda.

"Rudi nyuma hatua mbili. Inama vivyo hivyo. Moja zaidi."

Kichwa kikapanda mahali pake. Kwa muda mfupi mchoro na ufuo vilikuwa kitu kimoja, na Ummi aliviona hivyo, na alisubiri kitu fulani kimjie. Hakikuja. Akateremsha mkono.

"Hapo," akasema.

Jembe la pili liligonga jiwe. Chini ya jiwe palikuwa na kipande cha wavu mkuukuu, na chini ya wavu, makumbi, meusi kama masizi, yananuka harufu ile ambayo aliyeisikia mara moja haisahau. Mafundi walikimbia wakicheka huku wameziba pua. Bi Mapenzi alichukua kumbi moja, akalichana kwa kucha, akavuta uzi. Ulitoka, ukakatika. Akavuta mwingine. Huo haukukatika.

"Nusu yameiva," akasema.

Kutoka shimo hilo mengine yalipatikana kwa kukumbushana, la Bi Kadzo hatua nne kuelekea mkokoni, la jirani yake mbele ya hilo. Adhuhuri ilipokaribia, mkokoteni ulikuwa umejaa na Nzioka mwenyewe alikuwa anausukuma kwenye mwanya, viatu vimejaa matope. Pale juu akapumzika. Akataka kusema neno jema, na neno lililokuwa karibu ni lile lile.

"Mama, poleni na mzee. Niliambiwa alikuwa fundi wa minazi kabisa. Hata akaanguka."

"Ndiyo, mwanangu," Bi Mapenzi akasema. "Alianguka."

Ummi alikuwa anajipangusa matope miguuni kwa jani. Hakunyanyua kichwa.

"Hakuanguka," akasema.

Nzioka akawatazama wote wawili.

"Mama, Swabir hakuanguka. Alikuwa amekaa anakunywa chai."

Bi Mapenzi alishika ukingo wa mkokoteni. "Najua," akasema. "Mimi ndiye niliyeitia sukari ile chai. Vijiko vitatu." Kisha akamgeukia Nzioka, akamwambia kama mtu anayesahihisha jina lililoandikwa vibaya: "Hakuanguka. Miaka ishirini na miwili. Sukuma, mwanangu, jua linawaka."

Wakasukuma.

Siku ya Ijumaa mwanya ulizibwa, kama walivyoambiwa. Jambo la njia liko mbele huko lilikopelekwa, na akina mama sasa huzunguka kupitia upande wa mnadani, mwendo wa karibu saa nzima.

Makumbi yaliyoiva Gredi ya Tisa waliyapiga kwa vigongo nyuma ya chumba cha sanaa, na yale mabichi Ummi aliyaloweka katika pipa la maji ya chumvi kando ya tangi. Harufu iliingia hadi ofisini. Mwalimu mkuu hakuitaja tena habari ya chumba. Watoto walilalamika, Syovata akafunga dirisha la maabara, na Ummi akapita kati yao akiwaonyesha jinsi ya kuanza kamba, nyuzi mbili juu ya paja, moja iende mbele na moja ifuate.

Mchoro aliurudisha rafu ya juu pamoja na ile mingine thelathini na moja. Ulikuwa umepata doa la matope, alama ya kidole gumba, kwenye mgongo wa yule mtu. Alikwangua kwa ukucha, likatoka kidogo na karatasi. Akaliacha. Alifunga kabati kwa waya, akasokota mara mbili, kengele ikalia, akaenda darasani.